Posa ya Buni: Desturi za Kuchumbia na Kuoza Katika Isiolo

Mtu atokaye Meru akashuka ule mteremko hata kufika Isiolo huona jinsi nchi inavyobadilika kwa ghafula. Nyuma yake huacha mashamba, migomba na miraa. Mbele yake ni mbuga kavu, migunga na ngamia. Mji wenyewe umekaa mlangoni. Sokoni hukutana Mborana, Msomali, Msamburu, Mturkana na Mmeru, na wengine waliokuja kwa biashara au kwa kazi ya serikali. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 268,002 katika kaunti nzima. Watu hawa huuziana mbuzi, hukopeshana sukari, na watoto wao huketi dawati moja shuleni. Lakini kijana akitaka kuoa, kila mmoja hurudi kwa wazee wake, na wazee wa kila kabila wana namna yao ya kubisha hodi.

Mimi ni karani, na mambo ya ndoa hupita mezani pangu kila mwezi: huyu ataka barua, yule ataka kujua sheria yasemaje, mwingine amekuja kushtaki kwamba ng'ombe walitolewa na mke hakutolewa. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaandikia wasomaji habari hizi, hasa wale wanaodhani ya kuwa ndoa ya kupangwa na wazee ni jambo la Wahindi tu, au ni jambo lililozikwa pamoja na babu zetu.

Na kwa kuwa nimewataja Wahindi, tuanze nao kidogo, maana kulinganisha hufumbua macho. Katika vijiji vya kaskazini ya Bara Hindi, desturi ya zamani ilikuwa kwamba binti haolewi katika kijiji chake mwenyewe. Hupelekwa kijiji kingine. Mchumba sharti awe wa tabaka moja naye, lakini asiwe wa ukoo mmoja, na ukoo huo wao huuita gotra. Mara nyingi aliyechukua habari kutoka nyumba hii mpaka ile alikuwa kinyozi, kwa sababu kinyozi huingia kila nyumba na husikia kila neno. Kisha mnajimu hulinganisha nyota za watoto wawili, na nyota zikigombana, posa hufa hapo hapo. Wazee wetu wa Isiolo wakisikia hayo hutikisa kichwa kwa kukubali, hasa habari ya ukoo. Lakini wakiambiwa kwamba kule mali hutoka kwa baba wa binti kwenda kwa waume, hucheka mpaka machozi. Mmoja aliniuliza, “Yaani mtu atoe binti, tena atoe na ng'ombe?” Hata serikali ya India iliona taabu yake, ikapiga marufuku mali hiyo kwa sheria ya mwaka 1961, walakini desturi haikuisha kwa sababu ya karatasi. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1929, siku za utawala wa Kiingereza, iliweka umri wa binti kuolewa usipungue miaka 14. Leo kule ni miaka 18 kwa mwanamke na 21 kwa mwanamume.

Sasa turudi nyumbani, kwa Waborana, ambao ndio wenyeji wakubwa wa bonde la Ewaso Ng'iro tangu serikali ya kikoloni ilipowatenga huko katika miaka ya 1930.

Waborana wote wamegawanyika nusu mbili: Sabbo na Gona. Sabbo ina matawi matatu, Karrayyu, Mattarri na Digalu. Gona ina mawili, Fullelle na Haroressa, na chini yake zipo koo nyingi. Mtoto hufuata upande wa baba yake. Na sheria kubwa ya ndoa ni hii: mtu wa Sabbo huoa Gona, na mtu wa Gona huoa Sabbo. Kijana akimpenda msichana wa nusu yake mwenyewe, hata kama mababu zao hawakujuana kamwe, huyo ni dada yake, na maneno yamekwisha. Ukifikiri vizuri utaona akili iliyomo. Kila nyumba ina baba wa upande huu na mama wa upande ule. Kila mtu ana wajomba upande wa pili. Basi nusu hizi zitapiganaje vita, na kila mkuki utakaorushwa utamwangukia mjomba au mpwa?

Baba wa kijana haanzi na msichana. Huanza na nyumba. Huuliza: mama yake ni mwanamke wa namna gani? Je, mgeni akija jioni hupata maziwa, au huambiwa ng'ombe hawajarudi? Baba yake huwagawiaje watu maji kisimani? Je, katika ukoo huo kuna ugomvi wa damu usiokwisha? Msichana mwenyewe hutazamwa pia, lakini kwa mbali, akikamua, akichota maji, akisema na wakubwa. Hayo yote huweza kuchukua mwaka mzima, na wakati huo wote kijana huenda yuko malishoni na ngamia hana habari.

Moyo ukitulia, wazee huenda kuomba. Hawaendi mikono mitupu. Desturi ya kale ni kuchukua tumbaku na buni. Siku hizi huongezwa sukari na majani ya chai, na wenye uwezo huongeza shuka au kanga za mama. Wakifika hawatoi neno siku ileile. Huzungumza habari za mvua, za malisho, za bei ya mbuzi Isiolo. Mwisho mmoja wao, ambaye ndiye mshenga, hutaja shida iliyowaleta, kwa maneno ya kuzunguka. Na baba wa binti hajibu. Husema ya kwamba nyumba ina wenyewe, sharti awaulize ndugu zake, tena kuna shangazi aliye mbali. Wageni huondoka, na baada ya siku nyingi hurudi, na tumbaku nyingine na buni nyingine. Mara ya pili huenda wakaambiwa yale yale. Mtu wa mjini aliyezoea kujibiwa kwa simu angekwisha kukasirika zamani, lakini wazee hawakasiriki, kwa kuwa wajua kwamba kule kuchelewa ndiko kunakopima. Mtu asiyeweza kuvumilia posa atavumiliaje ndoa? Tena baba akimtoa binti upesi, watu husema huyu alikuwa akitafuta pa kumtupa.

Nastahili kueleza habari ya buni, kwa maana wasomaji wa nchi za kahawa watashangaa. Waborana hawalimi kahawa, huinunua. Wala buni hii hawaisagi wakainywa kama sisi. Huchukuliwa nzima pamoja na ganda lake, hung'atwa ncha ili ipate kufunguka, kisha hukaangwa katika samli mpaka harufu ijae nyumba. Kwa lugha yao husema buna qalaa, yaani buni iliyochinjwa, kana kwamba ni mnyama wa sadaka. Wakati wa kuipika mzee huomba dua ya amani, ya mvua, ya watoto na ya mifugo, na waliohudhuria huitikia. Hutiwa maziwa, watu hutafuna, na samli ile hupakwa mwilini kwa baraka. Basi buni ya posa ikipokelewa na kupikwa hivi, mlango umefunguliwa. Ikikaa katika mfuko wake bila kuguswa, mshenga mwenye akili huelewa bila kuambiwa.

Mahari yenyewe si kubwa. Ni ng'ombe wachache, na mkwe hubaki na heshima na wajibu kwa wakwe zake maisha yake yote: kusaidia kisimani, kuleta zawadi, kusimama nao katika shida. Tena desturi ya asili ya Kiborana haikujua talaka. Ndiyo sababu hatua za mwanzo zilikuwa ndefu. Mlango usio na njia ya kutokea, mtu huukagua sana kabla ya kuuingia.

Karibu Waborana wote wa Isiolo leo ni Waislamu, na dini imeweka sheria zake juu ya zile za zamani. Sasa kuna walii, mashahidi wawili, na mahari ambayo kwa sheria ya dini ni mali ya bibi arusi mwenyewe, si ya baba yake. Na talaka ipo. Mambo mengi yamepatana bila taabu: buni hutangulia, sheikh hufuata. Lakini pana mahali pamoja ambapo fahali wawili hukutana zizini. Kwa sharia ya Kiislamu mtu aweza kumwoa binti wa ami yake. Kwa Mborana huyo ni dada wa damu, tena wa nusu moja. Nimesikia kijana msomi akimwambia mzee kwamba Kitabu kimeruhusu. Mzee akajibu kwa upole kwamba Kitabu kimeruhusu pia kutokumwoa. Sikuona mtu aliyeongeza neno.

Majirani zao nitawataja kwa ufupi. Wasomali wa Isiolo, ambao wengi wao ni wa ukoo wa Isaaq, wazazi wao walikuwa askari na wafanyi biashara ya mifugo waliokaa hapa baada ya vita ya 1914 mpaka 1918. Wao hutofautisha vizuri mali ya ndoa: yarad huenda kwa jamaa za binti, meher ni haki ya binti mwenyewe. Mpango huo ni safi, na wengine wangeuiga wasingepata hasara. Wameru wa Igembe na Tigania hupeleka kitita cha miraa teule iliyofungwa katika majani ya mgomba. Kitita hicho kikipokelewa na baba wa binti, mazungumzo yameanza. Waturkana ndio wenye mahari nzito kuliko wote: ng'ombe au ngamia kwa makumi, na mbuzi na kondoo zaidi ya hao. Hapana kijana awezaye kuyatoa peke yake. Baba hutoa, ami hutoa, wajomba hutoa, marafiki hutoa. Na mahari yafikapo upande wa pili hugawanywa vivyo hivyo kwa watu wengi. Basi arusi moja ya Kiturkana huhamisha mifugo ya nchi nzima, na ndoa ikivunjika ni kazi ya wazee wengi kuwakumbuka wale mbuzi wamekwenda wapi.

Wasamburu nao wana jambo lao gumu. Morani haruhusiwi kuoa mpaka rika lake lifike wakati wake, na mabinti huposwa na wanaume waliokwisha kuwa wazee. Wakati huo morani humpa shanga msichana wa ukoo wake, ambaye hawezi kabisa kumwoa. Mambo yaliyofuata shanga hizo yamewatoa machozi mabinti wengi, nao wangali watoto. Ndiyo maana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekutaja kuvisha shanga wasichana kwa jina lake, katika orodha moja na tohara ya wanawake na ndoa za watoto. Nami sioni kosa katika sheria hiyo. Desturi inayomwelemea asiyeweza kujitetea haifai kusifiwa kwa sababu ya uzee wake tu.

Hapa ndipo tufikapo penye mzizi wa maneno. Je, binti huulizwa? Wazee wa kila kabila watakuambia ndiyo, huulizwa. Ukichungua utaona kwamba mara nyingi huulizwa mwisho, buni ikiwa imekwisha kuliwa na ng'ombe amekwisha kuingia zizini, naye huulizwa na shangazi yake, usiku, kwa maneno ambayo jibu lake ni moja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yasema ndoa ni ya hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18 kwa kila ndoa, iwe ya kimila, ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu au ya serikali. Sheria hiyo hiyo imesema kwamba pale mila itakapo mahari, kitu kidogo cha alama chatosha. Haikufuta mahari, wala haikudai zizi zima. Na wenye ndoa ya kimila hutakiwa kumjulisha Msajili ndani ya miezi mitatu tangu sherehe kwisha.

Watu wengi wa Isiolo waijua sheria hii. Kinachoishinda ni njaa. Wazee bado husimulia siku waziitazo Gaafa Daaba, wakati wa vita ya Shifta, 1963 mpaka 1967, watu walipokusanywa kambini kama Garba Tulla na Merti na mifugo ikafa kwa kukosa malisho. Watu waliokuwa na ngamia wakawa wachuuzi wa kuni. Na tangu mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, jambo ambalo hata wazee hawakupata kuliona. Mtu aliye na watoto saba na ng'ombe wanaokufa huanza kufanya hesabu ambazo mwaka wa mvua hangezifanya. Binti akiolewa, mdomo mmoja umepungua. Mtamba mmoja umeingia. Na wakwe wenye kisima wamepatikana.

Katika mwaka 2021 alinijia mzee mmoja wa Kiborana, mtu wa heshima, amevaa kofia yake safi na fimbo mkononi. Akaketi, akauliza habari za watoto wangu, na habari za wazazi wangu, kisha akasema:

“Mwanangu, nasikia wewe wajua mambo ya karatasi. Nataka karatasi ya binti yangu, iseme ana miaka kumi na minane.”

“Alizaliwa lini, mzee?”

“Kabla kidogo ya ukame ule wa 2006.”

Nikapiga hesabu mbele yake. Binti alikuwa na miaka 16, naye yuko kidato cha pili. Nikamwambia kwamba karatasi husema siku mtu aliyozaliwa, haisemi siku baba yake anayoitaka. Hakukasirika. Aliniambia ya kuwa alikuwa na ng'ombe arobaini na sasa wamebaki kumi na mmoja. Ya kuwa mposaji si mtu baki, ni mtoto wa rafiki yake wa upande wa Merti, aliyempa maji kisimani kwake wakati wengine wakimfukuza. Ya kuwa mtamba wa mahari amekwisha kupokelewa. “Nikimrudisha mtamba,” akasema, “nitakunywesha wapi wale kumi na mmoja?”

Msomaji aone kwamba huyu hakuwa mwuza binti. Alikuwa amebanwa kati ya deni la maji na mtoto wake. Nilimweleza kwamba sheria haizuii arusi peke yake. Mipango yenyewe ya kumwoza mtoto imekatazwa, na anayepanga na anayepokea wote wana hatia. Nikamwuliza mshenga wao ni nani. Akanitajia, nami nikamwomba waje wote wawili, kabla jambo hili halijafika kwa chifu na kwa afisa wa watoto.

Walikuja baada ya siku nne. Mshenga alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye kusema maneno machache. Alisikiliza yote, akatafuna tumbaku yake muda mrefu, ndipo akasema kwamba mtamba atarudi Merti, yeye mwenyewe atamswaga, na kule atasema hivi: buni haikukataliwa, ila imeletwa kabla ya msimu. Mwenye kuleta buni kabla ya msimu haoni aibu akirudi nayo, na mwenye kuirudisha hakumtukana mtu. Nilishangaa. Mimi nilikuwa na vifungu vya sheria mkononi, lakini sikuwa na neno lililoweza kumrudisha yule mtamba bila kufunga kisima. Yeye alikuwa nalo.

Kisima hakikufungwa. Binti alirudi darasani. Ada yake ya shule ilikuwa taabu kila muhula, na mara mbili nilimwona baba yake sokoni akiuza mbuzi mwembamba kwa bei ya kuku. Mvua iliponyesha mwaka 2023, ng'ombe wake walikuwa wamebaki watatu. Na yule mtamba aliyerudishwa Merti alikufa kama wengine.

Mwisho wa mwaka huo binti alifanya mtihani wa kidato cha nne, akiwa ametimiza miaka 18. Mwanzoni mwa 2024 wazee wa Merti walikuja tena, pamoja na mshenga yule yule. Hawakuwa na ng'ombe wa kutoa. Walileta tumbaku, sukari kilo mbili na mfuko wa buni. Baba wa binti aliwapokea, akasikiliza, akasema kama ilivyo desturi kwamba nyumba ina wenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo mshenga aliniambia hajapata kuliona katika posa zote alizopeleka: akamwita binti aje aketi pale, mbele ya wageni, akamwuliza.

Msichana akasema ya kwamba ameomba nafasi ya chuo cha uuguzi, na kwamba kijana akitaka jibu lake na aje mwenyewe, asome barua aliyopelekewa na chuo, aone ni miaka mingapi. Wazee wakatazamana. Mama yake akauchukua mfuko wa buni akauweka juu ya rafu, haukufunguliwa wala haukurudishwa, na mpaka ninapoandika habari hizi bado uko pale.